Alkoblo Haijawahi Kula Hongo

Kuna maoni ambayo ukiyatoa Nairobi leo, iwe kwenye meza ya baa, kwenye kipindi cha asubuhi cha redio au kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, hutapata wa kukupinga. Yanasema hivi: alkoblo, kile kifaa cha polisi cha kupima pumzi ya dereva, ni mradi wa kula. Trafiki hawajali usalama wa mtu. Wanavizia karibu na vilabu Ijumaa usiku, wanamsimamisha mtu mzima anayejua kunywa kwa kiasi, wanamtisha kwa seli ya hadi Jumatatu, kisha wanamalizana naye gizani. Mlevi halisi anajulikana kwa macho: anayumba, ulimi mzito, gari linacheza barabarani. Huyo akamatwe, wengine waachwe wakalale. Na zaidi ya yote, mahakama ilikwisha kusema kwamba kifaa chenyewe si halali.

Wanaosema hivi si wajinga. Wengi wao wamedaiwa hongo kweli, na ghadhabu yao ina sababu. Lakini hitimisho wanalolifikia ni kosa, na gharama yake inalipwa na watu ambao hawakuwa kwenye meza ile.

Hoja ya kwanza: ni mradi wa hongo

Naanza hapa kwa sababu ndipo nguvu yote ya maoni haya ilipo. Tazama hongo ya usiku inavyopatikana. Afande anainama dirishani, anavuta hewa kwa pua.

"Umekunywa?"

"Kidogo tu, afande."

"Zima gari, ushuke tuongee."

Kuanzia hapo hadi mwisho hakuna namba inayotajwa, hakuna karatasi inayoandikwa, wala hakuna shahidi wa tatu wa kuulizwa kesho yake. Afande anasema umelewa, wewe unasema hujalewa. Neno lake lina pingu nyuma yake, lako halina kitu. Noti zinapita kwenye pengo hilo.

Sasa ondoa alkoblo, kama inavyotakiwa. Kinachobaki ni mazungumzo hayohayo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamhukumu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Saa saba usiku pale Roysambu, nani ataamua kwamba umeshindwa au hujashindwa? Afande yuleyule. Watu wanaosema hawawezi kumwamini trafiki na shilingi hamsini ya makanga wanataka trafiki huyohuyo apewe mamlaka ya kukuhukumu kwa pua na macho yake. Sijawahi kusikia mtu mmoja akieleza jinsi mambo haya mawili yanavyokaa pamoja.

Kipimo kinatoa namba. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka mpaka wa mikrogramu 35 za kileo katika kila mililita 100 za pumzi. Ukipuliza ikatokea 12, afande hana la kukwambia. Ikitokea 60, wewe huna la kumwambia. Vifaa vingi vya kazi hii huweka kumbukumbu ya kila pumzi na saa yake, na baadhi huchapa karatasi hapohapo. Afande ambaye kifaa chake kinaonyesha madereva 9 waliovuka mpaka usiku mmoja, huku kitabu cha kituo kikionyesha 3 tu waliofikishwa, ana maswali 6 ya kujibu. Tatizo letu ni kwamba hakuna anayemuuliza. Wananchi wenye hasira wangedai kumbukumbu hizo zisomwe kila Jumatatu na mtu asiye wa kituo hicho, na matokeo yatangazwe kituo kwa kituo. Badala yake wanadai kitu pekee kinachoweza kuhesabu kitupwe.

Kuna jambo ambalo wanaolalamika hawapendi kulitamka. Mahali ambapo kipimo kimetumika na hongo ikalipwa, aliyelipa mara nyingi ni yule aliyeshindwa. Ameona namba, amejua ni yake, akatoa pesa ili arudi nyuma ya usukani. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa usiku huo ni wa dereva. Amenunua ruhusa ya kuendesha akiwa amelewa, kisha asubuhi anasimulia kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

Hoja ya pili: mlevi anajulikana kwa macho

Kuna nchi iliyojaribu kwa dhati kulifanya jicho la polisi kuwa kipimo, nayo ni Marekani. Katika miaka ya 1970 serikali yake iliwalipa watafiti wa taasisi ya Southern California Research Institute, Marcelline Burns na Herbert Moskowitz, watafute majaribio bora zaidi ambayo askari anaweza kumpa dereva kando ya barabara. Walichuja mengi wakabakiza matatu: kufuata kalamu kwa macho ili mboni zitazamwe kama zinarukaruka, kutembea hatua tisa kisigino kwa kidole kwenye mstari kisha kugeuka na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja. Katika ripoti yao ya 1981, jaribio la macho lilimweka mtu upande sahihi wa kiwango mara 77 katika 100, kutembea mara 68, na mguu mmoja mara 65. Haya yalikuwa matokeo ya askari waliofundishwa, na waliojaribiwa hawakuwa kwenye ukingo wa barabara wakiwa na hofu ya kukamatwa. Kwa mguu mmoja, watu 35 katika kila 100 waliwekwa upande usio wao.

Hata miongozo ya polisi wa huko inaonya kwamba wazee wa zaidi ya miaka 65, wanene sana na wenye matatizo ya mgongo au miguu hupata shida na majaribio haya hata wakiwa hawajaonja kitu. Mwenye viatu virefu anapaswa aruhusiwe kuvivua.

Hamisha hayo hadi Thika Road mvua ikinyesha, lami ikiwa na mteremko, taa za malori zikimpiga dereva usoni. Mwenye goti bovu atayumba. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka atatokwa jasho na kuongea ovyo, na wapo waliowekwa seli kwa hali hiyo badala ya kupelekwa hospitali. Lakini mnywaji mkongwe, aliyezoea chupa nane kila wikendi kwa miaka ishirini, atashuka garini, atasimama wima, atamwita afande kwa heshima na kujibu kila swali bila kukwama. Mazoea yameufundisha mwili wake kuficha dalili, ila hayajamrudishia wepesi wa kuona na kukanyaga breki. Jicho humwachilia huyu na kumkamata mgonjwa. Hicho ndicho kipimo tunachoambiwa turudi kwacho.

Kwamba kiasi kidogo kina madhara si ubishi tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Borkenstein, aliyewahi kuwa polisi mpiga picha na aliyekuwa amebuni kipima pumzi mwaka 1954, aliongoza utafiti katika mji wa Grand Rapids, Michigan. Walipima maelfu ya madereva waliopata ajali, kisha wakapima maelfu ya wengine waliokuwa wakipita mahali palepale bila ajali. Hatari ilipanda kwa kasi kadiri kileo kilivyozidi kwenye damu, na ilikuwa imepanda waziwazi kabla dereva hajafika hali ambayo mtu wa kawaida angemwita mlevi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mpaka wa miligramu 50 katika mililita 100 za damu. Mpaka wa 35 kwenye pumzi uliowekwa na Kanuni zetu ni sawa na kama 80 kwenye damu. Kanuni tulizoziita kali tayari zilimwachia mnywaji nafasi kubwa.

"Mimi najua kipimo changu" ndiyo kauli ninayoiogopa kuliko zote. Kileo huanza kazi yake kwenye uwezo wa mtu kujipima. Anayejitathmini baada ya chupa nne anatumia akili ambayo chupa hizo nne zimeshaigusa. Na hesabu za asubuhi ndizo zinazowapoteza hata waangalifu. Mwili huondoa takriban miligramu 15 za kileo katika kila mililita 100 za damu kwa saa, na hauharakishwi na kahawa, supu wala kuoga maji baridi. Mtu aliyeacha kunywa saa nane usiku akiwa na 170 atakuwa bado na 95 saa moja asubuhi, amevaa suti, amepiga mswaki, anawapeleka watoto shule. Hana dalili yoyote ambayo jicho litaiona.

Wanaouliza kuhusu dawa ya kikohozi na divai ya kanisani wajibiwe kwa ufupi. Kileo kilichobaki mdomoni huisha ndani ya kama dakika 15, na ndiyo sababu utaratibu sahihi ni kusubiri na kupima tena kabla ya kumfungulia mtu mashtaka. Polisi asiyesubiri anakosea, na kosa hilo litajwe mahakamani.

Hoja ya tatu: mahakama ilikwisha kuipiga marufuku

Haikufanya hivyo. Mwenye baa na dereva mmoja walipeleka kesi. Walishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, wakakata rufaa. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba Kanuni za 2011 zilitengeneza kosa la kuvuka kiwango, ilhali Sheria mama, katika kifungu cha 44, inazungumzia kushindwa kulimudu gari. Kanuni ndogo haiwezi kupingana na sheria iliyoizaa. Shauri halikuamuliwa kwa msingi kwamba kifaa kinadanganya, wala kwamba dereva ana haki ya kutopimwa. Dosari ilikuwa ya uandishi wa sheria, na dawa yake ni Bunge kukiingiza kiwango ndani ya Sheria yenyewe. Hilo lilipaswa kufanyika mwaka uleule. Halikufanyika, na tangu hapo tumekuwa tukisikia rasimu na matangazo, zaidi Desemba inapokaribia.

Kwa hiyo anayeitaja hukumu ile kama ushindi wa wananchi aseme pia ilichoacha nyuma: dereva wa kawaida anayeshtakiwa kwa maoni ya afande. Wenye mawakili wazuri huweza kuyavunja maoni hayo mahakamani. Mwenye pikipiki ya kukodi hukiri kosa asubuhi ili akaendelee na kazi.

Hoja ya nne: ni mambo ya mtu mzima na gari lake

Vilabu vya Westlands hufunga kunapokaribia kucha. Saa kumi alfajiri, magari yanayoelekea Uthiru, Kinoo na Kikuyu yanashika Waiyaki Way, na barabara ikiwa tupu kila mmoja anakanyaga mafuta. Saa hiyohiyo mama mboga wa Kangemi ametoka nyumbani na magunia yake matupu yaliyokunjwa chini ya kwapa, anavuka kutafuta matatu ya kwenda soko la Marikiti, kwa sababu ukifika Marikiti saa kumi na mbili sukuma nzuri imeshachukuliwa. Pamoja naye yupo muuguzi wa zamu, yupo bawabu, yupo kijana wa kuoka mikate. Hakuna hata mmoja wao aliye na gari. Hakuna aliyehojiwa redioni kuhusu alkoblo.

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anayechelewa nusu sekunde kuona kanga gizani ameongeza mita 8 kabla hata ya kugusa breki, na mita 8 ni upana wote ambao yule mama alikuwa amebakiza kufika ng'ambo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliokufa kwenye barabara za Kenya. Kundi kubwa kuliko yote, kama ilivyo kila mwaka, lilikuwa la watembea kwa miguu. Si wote waliouawa na walevi. Zipo barabara zisizo na taa, madaraja ya wapita njia yaliyowekwa mbali na vituo, malori mabovu. Yote hayo yarekebishwe. Lakini taa za barabarani zinahitaji bajeti na miaka, na dereva mlevi anaweza kuzuiwa usiku wa leo.

Halafu kuna jambo la matatu. Abiria wa basi la kwenda Kisumu au Busia akimwona dereva anashushwa kabla ya safari na kuambiwa apulize, hupumua kwa shukrani. Hakuna anayesema haki za dereva zimevunjwa, hakuna anayesema angetazamwa tu kwa macho. Abiria huyohuyo akiwa kwenye gari lake Jumamosi, kipimo kilekile kinageuka kuwa unyanyasaji. Barabara ni moja, na anayegongwa haulizi kama gari ni la abiria au la binafsi. Kinachotetewa hapa ni daraja la watu wasiotaka kuguswa, na ni vyema lisemwe hivyo waziwazi badala ya kufunikwa kwa maneno ya katiba.

Hoja ya tano: haisaidii, watu bado wanakufa

Uingereza ilianza kupima pumzi za madereva Oktoba 1967, chini ya waziri wa uchukuzi Barbara Castle, mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva. Wenye baa walimchukia na alitumiwa barua za vitisho. Katika mwaka wa kwanza, kwa hesabu za serikali, vifo vilipungua kwa zaidi ya 1,100. Kisha faida ikaanza kuyeyuka, na mwanasosholojia wa Marekani, H. Laurence Ross, alieleza sababu: watu waligundua kwamba uwezekano halisi wa kupimwa ni mdogo. Hofu iliyowaokoa ilikuwa ya gazetini, barabarani hawakuikuta.

Jimbo la New South Wales, Australia, lilijifunza kutokana na hilo. Kuanzia tarehe 17 Desemba 1982 polisi wake walianza kusimamisha madereva bila kuwashuku kwanza, kwa wingi, mahali pa wazi, mwaka mzima, na kila aliyesimamishwa alipuliza. Vifo vya barabarani vilishuka kwa takriban moja ya tano, na mazoea ya jamii nzima yakabadilika.

Sasa linganisha na sisi. Alkoblo ilipoanza kwa kishindo Desemba 2013, Nairobi ilikaa chonjo. Watu waliacha magari kwenye maegesho ya baa, wakaelewana nani hatakunywa. Baadaye oparesheni zikawa za msimu, zikajulikana ziko wapi, na madereva wakapashana habari za njia za kuzikwepa. Tuliwahi kuyaona haya kwa kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004, mikanda na vidhibiti mwendo. Miezi ile zilipotekelezwa kila siku matatu zilikaa sawa, zilipolegezwa zikarudi zilikokuwa. Anayesema kipimo hakisaidii anahukumu kitu ambacho hatujawahi kukitumia miezi kumi na miwili mfululizo.

Kupima bila kuchagua ndiko pia kunakomaliza lile lalamiko la kuviziwa. Afande akiwa na amri ya kusimamisha kila gari la tano, hachagui tena uso wa mtu, aina ya gari wala kilabu alikotoka. Anayechagua ndiye anayeuza.

Hoja ya sita: biashara ya baa itakufa

Ilisemwa mwaka 2010 sheria ya Mututho ilipobana saa za kuuza pombe, na baa zipo. Nairobi ina teksi za simu tangu 2015, ina bodaboda kila kona, ina vijana wanaolipwa kukurudisha nyumbani na gari lako. Biashara inayoweza kuishi tu kwa wateja wake kuendesha wakiwa wamelewa haina haki ya kulindwa.

Na la mwisho: waanze na wakubwa

Hili husemwa kama kizuizi, kwamba mheshimiwa hatasimamishwa kamwe, kwa hiyo mwananchi naye asisimamishwe. Mimi nalichukua kama pendekezo na nalitaka kwa maandishi. Kiwango kiandikwe ndani ya kifungu cha 44. Kila dereva apewe karatasi yenye namba, saa na jina la kituo. Magari ya serikali yenye namba za GK yasimamishwe kwa zamu ileile ya gari la tano, na afande anayeyapungia mkono yapite aulizwe kwa nini. Polisi wenyewe wapulize kabla ya kuanza zamu, mbele ya mkubwa wao, na matokeo yaingie kwenye kitabu. Kamati ya uchukuzi ya Bunge inaweza kuanza na hayo wiki ijayo, na wananchi wanaosema wamechoshwa na hongo wajaze viti vya umma siku maoni yatakapopokelewa, waseme wanataka kupimwa.